Kutuliza Gari Mpaka Lubudi

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya mimba ya binti yangu Odile. Mengine ya wakati ule nitayasema pia, maana mzee akifungua mdomo haufungi upesi, lakini sababu ni hiyo.

Odile aliolewa na Kazadi, mtu wa Kasai, mwalimu wa hesabu mtaani kwetu Dilala. Mimba ilikuwa inakaribia mwezi wa nane vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na filimbi, wakisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Kazadi alizaliwa hapa hapa. Baba yake alichimba shaba kabla mi sijajua kushika usukani. Walipopiga mawe bati lake, akatangulia Lubudi kwa ndugu yake wa kiwanda cha simenti, ili wapande treni ya kaskazini kule. Stesheni yetu haikuingilika. Watu walilala nje mvuani, watoto wanaharisha, na treni hakuna aliyejua itakuja lini.

Majirani waliniambia Odile ni damu yetu, abaki tu. Nikauliza, na atakayezaliwa? Odile mwenyewe hakubishana na mtu.

“Tata, mi niko namufuata bwana yangu,” aliniambia. “Kama unakatala, nitaenda na miguu.”

Sasa alikuwa ameanza kutoka damu kidogo. Mama Beya, mkunga wa mtaa wetu, alinivuta pembeni. Akasema mtoto bado anacheza tumboni, lakini mama akirushwarushwa njiani, mtoto atatoka kabla ya siku zake.

Pikapu yangu ilikuwa ya kubebea makaa. Nilikuwa nimeiongezea chuma kimoja kwenye resori za nyuma, zile bapa za chuma zinazobebana chini ya gari, ili ivumilie magunia mengi. Gari la namna hiyo likiwa na mzigo ni zuri. Likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Nimeendesha magari makubwa ya mgodi maisha yangu yote, hata goti hili limekufa kwa kukanyaga klachi, na hilo nalijua: dereva mbele hasikii kitu, nyuma watu wanakufa.

Kolwezi, siku ya kuondoka. Nilikuwa nimekitoa kile chuma cha kuongeza. Nikapunguza upepo wa matairi ya nyuma. Nikakata vipande vya ule mpira mzito wa mkanda unaobeba mawe kiwandani, nikaviweka kati ya kasha la mizigo na mifupa ya gari, kisha nikakaza nati zote, maana bati linalolegea linapiga zaidi ya barabara. Mwisho nikapanga magunia ya mchanga juu ya magurudumu ya nyuma. Odile nikamlaza kwenye godoro mbele ya magunia, mgongoni mwa kabini, mahali panaporuka kidogo kuliko pote. Mchanga niliuchukua Kingamyambo, ule wa kijivu unaobaki shaba ikishaoshwa. Ni mzito, na Dilala nzima tulikuwa tunasakafia nyumba nao. Nani angefikiri neno?

Mpaka Nzilo tulikwenda kama mtu anayebeba mayai. Kwenye bwawa nilisimama, nikamuuliza anasikiaje. Akasema mtoto amelala, nami nisiulize kila kilima. Pale Nzilo zamani tulikuwa tunakuja na mama yake kununua samaki. Marehemu alikuwa hapendi samaki, alipenda kubishana bei. Tuendelee.

Mbele ya Nzilo palikuwa na gogo njiani na wanaume wenye mapanga. Mkubwa wao alivaa kofia ya mgodi, wenzake wakimwita Kapiteni. Akamsemesha Odile Kiluba cha kwetu kumjaribu, naye akamjibu vizuri, pamoja na salamu za wakubwa. Kapiteni akapoa. Akamwambia anaweza kurudi nyumbani, hakuna atakayemgusa. Odile akasema bwana wake yuko Lubudi.

Ndipo Kapiteni akapiga gunia teke.

“Tata, mu magunia muko nini?”

“Muchanga. Ni ya uzito tu, gari isiruke. Mutoto iko na mimba.”

“Muchanga ya wapi?”

Nikajibu kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. “Ya Kingamyambo.”

Wakacheka wote. “Ile haiko muchanga,” Kapiteni akasema. “Ile ni mali ya province. Unawapelekea Bakasai shaba yetu, na mwana yako unamulalisha juu yake kama malkia.”

Nilieleza mambo ya resori, nilieleza mambo ya damu. Nilimwomba kwa jina la mama yake mwenyewe. Wakapasua magunia moja moja, mchanga wakaumwaga njiani, kisha wakainua gogo na kuniambia safari njema.

Baada ya pale gari likawa ngoma. Barabara ilikuwa ya mawe na mikunjo. Ukienda polepole linatikisika, ukikimbia linaruka. Nilitafuta mchanga mwingine, pembeni ni udongo mgumu na mi sikuwa na jembe. Odile aligonga kabini. Nilipoenda nyuma nikaona kitenge kimelowa damu.

Tukakuta watu wanatembea, mama mzee anaitwa Kapinga, wanawe na wake zao, na cherehani kichwani. Wa Kasai, wanaenda Lubudi. Nasema ukweli, wengine njiani nilikuwa nimewapita bila kusimama, nikiogopa vizuizi. Hawa sikuwachukua kwa huruma. Niliwachukua kwa kilo zao, na nikawaambia hivyo.

Mama Kapinga akanitazama. “Kumbe tuko magunia yako, tata?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi utupange bizuri. Huyu muke wa mwana yangu weka juu ya tairi, iko munene kuliko shaba yote ya Kolwezi.”

Hata huyo mkwe alicheka. Mama Kapinga akakaa kwenye godoro, akampakata Odile kati ya mapaja yake, akamshika nyonga kwa mikono miwili. Gari likatulia. Nilisikia tofauti kwenye usukani kabisa. Wakati mwingine walikuwa wanaimba nyuma, nami nikaanza kuamini.

Lubudi, jua likiegemea. Kazadi alikuwa anasubiri, kama walivyopatana, mbele ya maternite, wodi ya kujifungulia ya misioni. Sista alisikiliza tumbo, akasema moyo upo, lakini uchungu umeshaanza na haurudi. Mtoto alizaliwa kabla ya giza, wa kiume, mdogo kama njiwa. Alipumua. Kazadi akampa jina langu, akamshikilia kifuani mpaka alipoacha kupumua. Tulimzika nyuma ya misioni.

Treni ilikuja Odile hajaweza kusimama vizuri. Ilikuwa na mabehewa ya mizigo, sakafu ya chuma, bila benchi. Tulimwingiza juu ya mikono ya watu. Nilimpa Kazadi godoro, nikafungua na vile vipande vya mpira vya chini ya kasha.

“Weka mpira chini, godoro juu,” nilimwambia. “Alale katikati ya behewa. Asilale juu ya magurudumu.”

“Ndiyo, tata.”

Odile alinipa mkono, akauacha ndani ya wangu mpaka behewa likauchukua.

Kurudi, gari lilikuwa tupu, bila mipira, linapiga kila bati. Kwenye gogo Kapiteni akanisimamisha. Akauliza kama binti alifika.

“Alifika.”

“Na mutoto?”

“Tulimuzika Lubudi.”

Akavua kofia, akaitazama kidogo, akaivaa. Kisha akasema wao wanaenda Kolwezi, kuna mkutano, niwabebe. Mapanga yalikuwa mikononi mwao. Wakapanda nyuma wote, wakakaa pale pale juu ya magurudumu.

Nimejifunza nini? Kwamba kazi yangu niliifanya vizuri. Kutoka pale mpaka Nzilo, mpaka Dilala, gari halikuruka hata mara moja. Lilikwenda kimya, laini, na wale watu nyuma wakalala usingizi.