Magari ya Mbio na Maji ya Miwa

Wiki ile nilikuwa sijachomoa simu kwenye chaji, mdogo wangu ashapiga.

"Dada, leo wamesema aje?"

Hakuniuliza nimeamkaje. Alitaka habari za kampuni moja ya magari huko ng'ambo, kampuni ambayo haijui kama Voi ni mji au ni ugonjwa. Ilikuwa imeingia matatani. Viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanaambiwa warudi kwao, na kila mwenye tai shingoni alikuwa na maoni yake: itaendelea kuunda yale magari yake ya mbio, au itabaki na ya kupelekea watoto shule?

Mdogo wangu ni fundi wa hayo magari ya mbio na si kitu kingine. Ana gereji ndogo hapa Voi, kando ya barabara ya Mwatate. Vijana wanaokanyaga mafuta kati ya Mombasa na Nairobi huishia kwake, boneti juu, mikono kiunoni, wakimtazama kama daktari wa wodi. Kiingereza anakijua vizuri. Lakini mimi ni mwalimu, na kwetu mwalimu ndiye msomaji wa kila karatasi, kuanzia barua ya chifu hadi maelezo ya dawa ya kikohozi. Basi nikawa msomaji wa kampuni.

Shida ni kwamba sikuelewa kitu. Jumatatu nilisoma kwamba magari ya mbio ni mzigo na yataondolewa. Jumanne mkubwa mpya akasema hayo magari ndiyo roho ya kampuni na hayaguswi. Jumatano akatokea mwingine akasema yatakuwepo, ila ya umeme, ila si sasa, ila labda. Nimesahihisha insha za gredi ya sita zenye mantiki kuliko hiyo.

Na jibu lilitakiwa haraka. Shamba moja la mkonge lilikuwa limempa mdogo wangu kazi ya kutengeneza matrekta, mshahara wa kila mwezi, aseme ndiyo au hapana kufikia Jumatatu iliyofuata. Akikubali, anafunga gereji. Akikataa na kampuni iache magari yake, hesabu anaijua mwenyewe: sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane kushushwa bandarini, kwa hivyo wakiacha kuunda leo, miaka minane ijayo hakuna jipya linaloshuka Mombasa. Atabaki akiwafufua wazee mpaka waishe.

"Wewe soma tu," aliniambia. "Ukisema wanaacha, naenda kwa mkonge. Ukisema wanaendelea, nabaki."

Hapo ndipo nilipoanza kuchagua. Habari mbaya nilimsomea polepole, neno kwa neno. Habari nzuri nikaziruka. Kila alipoguna upande wa pili wa simu nilisikia raha, halafu nikaona aibu kwa ile raha, na kesho yake nikafanya vilevile. Nilijiambia namtakia mema, mshahara ni mshahara. Lakini nilikuwa naiombea kampuni ya watu ife, watu ambao hawajanikosea lolote, na sikujielewa kabisa.

Au labda nilijielewa. Nilikuwa nalichukia gari lake. Ni jeupe, na Taita nzima inajua hakuna linaloliacha nyuma. Miaka kadhaa iliyopita, siku baba alipozidiwa kule nyumbani Chawia, juu milimani, mvua ilikuwa inanyesha, nami nilimpigia mdogo wangu tangu asubuhi. "Nakuja," alisema. Tulimteremsha baba kwa pikapu ya jirani iliyokuwa ya kubebea kabeji, kichwa chake mapajani mwangu, na alikata roho kabla hatujafika Mwatate. Tukageuza, tukarudi naye nyumbani. Mdogo wangu alifika tukiwa tushamfunika shuka. Alifika na pikipiki, matope hadi magotini. Nikajua papo hapo: gari ameliacha chini kwenye lami, lisichafuke. Sikumwuliza. Nilimpa mkono kama nilivyowapa wageni wengine wa matanga, na tangu siku hiyo tumekuwa tukiongea vizuri tu.

Ijumaa mama akapiga kutoka Chawia. Alikuwa amesikia.

"Hiyo kampuni ni kubwa, si ndiyo?"

"Kubwa sana, mama."

"Basi haiwezi kuanguka bure, na inapoanguka inamwangukia huyu mtoto wangu. Kuna mtu hapa nyumbani ako na kitu kwa roho. Jumapili mje tutase."

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kutasa ni mila ya kwetu tangu zamani: unajaza kinywaji mdomoni, unakirusha nje kwa nguvu, na pamoja nacho unaitoa hasira uliyomfichia ndugu yako, kwa sababu hasira ya kufichwa ndiyo inayoleta mikosi. Wazee walitumia pombe. Mama ni mtu wa kanisa, kwa hivyo kwake ni maji ya miwa. Lakini kutasa kwa ajili ya kiwanda cha ng'ambo? Nilijiuliza huyo mkubwa mpya angesema nini.

Jumapili baada ya ibada tulisimama uani, sisi watatu, na lile gari jeupe mbele yetu. Mama alianza. Alirusha kwenye majani na kusema amemsamehe baba kwa kumtangulia. Mdogo wangu akarusha, akasema hana neno na mtu. Kisha kikombe kikanijia.

Mdomo ukajaa. Nilitakiwa kurusha tu, halafu niseme moyo wangu ni mweupe. Nikajaribu. Koo likafanya lake, nikameza.

"Umemeza," mama alisema.

"Nilikuwa na kiu."

"Kiu ya nini? Si umekunywa chai sasa hivi?"

Yakanitoka yote kwa mkupuo, na kwa ukali, kwa sababu mimi nikiona aibu huwa nakuwa mkali. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nimemficha habari nzuri wiki nzima. Nikamwambia kuhusu baba, na pikapu ya kabeji, na gari linalokimbia kuliko yote Taita likiwa limeegeshwa kwenye lami lisiguswe na tope.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Gari gani, dada? Hiyo siku gari haikuwa na tabo."

Tabo ndiyo inayoisukumia injini hewa, na bila hiyo gari lake haliendi. Alikuwa ameing'oa siku iliyotangulia akamfungia mteja aliyekwama Maungu na mtoto mgonjwa. Gari lilikuwa Voi, juu ya mawe. Alikuja na lori la mkonge hadi Mwatate, kisha pikipiki.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Fundi wa magari ya mbio, gari lake liko juu ya mawe na baba anakufa?"

Nilikaa kwenye ngazi. Hasira yangu ya miaka yote ile ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwendea, na sikujua niiweke wapi. Nikatoa simu, nikamsomea habari zote, mbaya na nzuri, bila kuruka.

"Kwa hivyo hata wao hawajui," alisema.

"Hawajui."

"Na mimi kesho niwaambie nini watu wa mkonge?"

"Sijui," nilisema, na wiki nzima huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kwanza wa kweli.

Mama alikuwa ashajaza kikombe tena. Nilisimama, nikachukua, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Nikasema namwachilia mdogo wangu. Halafu nikasikia sauti yangu ikiendelea, ikisema na hiyo kampuni nayo ipone, huko iliko, yenyewe na magari yake ya mbio.

Nilikuwa nimelenga vibaya. Maji ya miwa yaliangukia boneti nyeupe, yakaanza kuteremka polepole na kuita nyuki. Mdogo wangu, asiyeruhusu hata vumbi likae pale, alikuwa na kitambaa mkononi. Hakuyafuta.