Siku Flashi Yangu Ilipoingia Kwenye Koito

Hii aibu nimeificha karibu mwaka mzima, na kama si rafiki yangu Chebet mwenyewe kuwasimulia wasichana wa saluni iliyo chini ya studio yangu (tena akaitia chumvi mpaka ikaharibika), ningezikwa nayo. Lakini sasa nusu ya mji wa Eldoret inaijua, na inaijua vibaya, kwa hivyo wacha niwaambie vile ilikuwa, mcheke mmalize, mimi nishazoea.

Naitwa Njoki, kwetu ni Yamumbi, na kazi yangu ni kupiga picha za harusi, mahafali na sherehe zozote ambapo watu wamevaa vizuri. Shida yangu ilianza na flashi ya zamani, ile taa ya kubandika juu ya kamera, ambayo ilikuwa na tabia ya kulala. Unapiga picha mbili tatu, unangoja kidogo, nayo inajizima kimya kimya bila kukuaga. Kwenye harusi moja ililala wakati bwana arusi anavisha pete, nikabonyeza, kanisa lenyewe lina giza, nikatoa picha nyeusi tii kama sufuria ya githeri. Mama ya bibi arusi aliniangalia kwa jicho ambalo silisahau mpaka leo.

Basi nikaenda kwa Abdi, ambaye ana duka la vitu vya kamera hapo mjini na ndiye mtu pekee ninayemwamini kwa mambo hayo, nikamwambia nataka flashi ya kutegemewa, isiyolala, isiyochoka, isiyonichagulia siku. Akanitolea mbili. Moja ilikuwa ya kukaa juu ya kamera, ya kawaida tu. Nyingine ilikuwa ya kusimamishwa mbali, na inawashwa na rimoti ndogo unayoibandika kwenye kamera, ukibonyeza tu, taa inawaka huko iliko.

"Dada Njoki," akaniambia, "chukua hii ya juu ya kamera. Mahali kamera iko, taa iko. Hiyo ya rimoti ni kali, wallahi hata ukuta ukiwa katikati itawaka, lakini inataka mtu makini."

Sasa mtu akishaniambia kitu kinataka mtu makini, mimi nasikia ananitusi. Nikachukua ya rimoti. Akanionyesha pia kwamba ikikaa bure dakika tano inajizima yenyewe, akaniomba nisiguse hapo. Nilipoguswa na kumbukumbu ya ile pete, niliiondoa hiyo hali ya kujizima kabla hata sijafika nyumbani. Nikaiambia, wewe hutalala tena.

Wiki iliyofuata ilikuwa koito ya Chebet huko kwao Moiben. Kwa wasioijua, koito ni siku wazee wa upande wa kijana wanakuja kwa wazazi wa msichana kuomba na kuelewana, na wakielewana, basi mnanywa mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, na mambo yanakuwa mazuri. Chebet ni rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi Chepkoilel, na babake alikuwa amemkataa huyu kijana, Kibet, kwa miaka miwili mizima. Alisema hana haraka ya mkwe anayecheka sana. Sasa hatimaye mzee alikuwa amekubali angalau kuwasikiliza, na Chebet alikuwa hajalala siku tatu. Alinipigia simu kuniita. Aliniambia, "Njoki, siku hii ikiharibika, Baba hatafungua huu mlango tena." Hayo maneno yawekeni akilini.

Nilifika mapema. Sebule yao ni kubwa lakini ina giza, kwa hivyo nikasimamisha flashi yangu kwenye pembe, nyuma ya kabati la vyombo, nikaielekeza kwenye dari ili mwanga ushuke taratibu juu ya wazee. Nikajaribu, pwaa, dari ikang'aa vizuri kabisa. Wageni wakafika, wakakaa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, na Baba Chebet akanigeukia.

"Sasa wewe msichana utoke kwanza. Hakuna picha wakati watu wanaongea. Tukielewana tutakuita."

Nikatoka na kamera yangu. Nilipofika nje nikakumbuka flashi iko ndani na imewashwa. Nikarudi mpaka kwenye mlango, nikasikia wameshaanza kuomba, na pale kwao mlango ukishafungwa mtoto haufungui (nina miaka thelathini na moja, lakini mbele ya wale wazee mimi ni mtoto). Nikajiambia, "Ikae tu." Hivyo ndivyo nilivyoamua, bila kufikiria hata dakika moja, na rimoti iko pale pale juu ya kamera yangu.

Nje kulikuwa na jua zuri, wasichana wamevaa leso mpya, kina mama wanakata nyama, na mimi mtu akiniambia ningoje huwa mikono inaniwasha. Nikaanza kupiga. Nikapiga binamu watatu kwenye ua, nikapiga shangazi akionja supu, nikapiga hata jogoo. Mmeshaona? Mimi sikuona.

Baada ya kama picha kumi, kakake Chebet akatoka mbio, akaenda kwenye ukuta wa nyuma, akazima stima ya nyumba nzima. Redio ya jikoni ikanyamaza. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Nyaya za dari zinapiga cheche, wazee wameogopa moto." Nikamwonea huruma, nikampiga picha akiwa bado ameshika swichi. Akarudi ndani, na hata dakika mbili hazikuisha, akatoka mzee mmoja wa upande wa Kibet, akasimama katikati ya uwanja, akaangalia mbingu. Hakukuwa na wingu hata moja. Akaangalia huku, akaangalia kule, akavua kofia, akakuna kichwa. Ilikuwa picha nzuri sana, jamani, nikaipiga mara tatu. Huko ndani nikasikia watu wakipaza sauti, kisha wakaanza kuomba tena, na safari hii maombi yalikuwa ya nguvu, kama ya kufukuza kitu.

Wakati huo Chebet alikuwa jikoni, maana msichana haonekani mpaka aitwe, na Kibet alikuwa kwenye gari barabarani, maana kijana naye haingii mpaka aambiwe. Sijui waliandikianaje. Nilichoona ni Chebet ananivuta mkono. "Njoki, njoo nyuma ya ghala. Moja tu, ya siri, nikiwa na wasiwasi hivi." Kibet alikuwa ameshafika, ameketi juu ya gunia la mahindi, na Chebet bila kufikiria mara mbili akamkalia mapajani, akamshika mashavu, wakacheka. Niliwapiga nane. Yaani wakati wazee wanakemea mapepo, mimi nawapelekea mengine manane.

Nilikuwa nimerudi uwanjani tu, mlango wa sebule ukafunguliwa kwa kishindo.

Mzee Limo, mjomba wake Kibet na ndiye msemaji wao, alitoka ameshika flashi yangu kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, na nyuma yake wazee wote wameshachukua kofia zao. Hapo ndipo kila kitu kiliingia kichwani kwa mara moja, stima, mbingu, maombi.

"Hii kamera ni ya nani?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi, alimuuliza Baba Chebet. "Tumekuja kwako na heshima, kumbe umetuwekea kamera kwa kabati? Ndio kesho utuonyeshe maneno yetu kwa simu?"

Baba Chebet alikuwa mweupe usoni, na huyo ni mzee mweusi kweli. Alisema hajui. Hakuna aliyemwamini, na mimi niliona wazi kwamba wakivuka lango lile, rafiki yangu amekwisha. Nikakimbia, nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Mzee, pole sana, ni yangu! Si kamera, ni taa tu. Haishiki picha yoyote."

"Taa gani inawaka na stima imezimwa?"

"Ina betri, Mzee. Hii ya juu ya kamera ndiyo inaiambia iwake."

"Wacha uongo."

Sasa hapa, marafiki, mtu mwenye akili angetoa betri aonyeshe. Mimi nilitaka kumthibitishia. Nikainua kamera na kubonyeza, na flashi ilikuwa mkononi mwake, imemtazama machoni. Pwaa! Mzee Limo akapiga kelele, akaachilia taa, akarudi nyuma akipapasa hewa, akaketi. Aliketi kwenye mapaja ya Baba Chebet, ambaye naye alikuwa ameshaishiwa nguvu na kukaa kwenye kiti cha veranda. Wakabaki hivyo, wazee wawili waliokuwa wanabishana tangu saa nne, mmoja amempakata mwenzake. Hakuna aliyecheka. Wallahi ningelipa mtu acheke.

Baba Chebet akamsaidia mgeni wake kusimama, polepole, kisha akaninyooshea mkono. "Lete hiyo kamera. Tuone ulipiga nini." Nikafurahi! Nilifikiri nimeokoka, maana mle ndani sikuwa nimepiga hata mzee mmoja. Nikamfungulia picha, wakainama vichwa vyote juu ya kioo kile kidogo, nami nikaanza kuwapitishia kuanzia ya kwanza. Binamu. Shangazi. Jogoo. Kakake na swichi. Mzee wa mbingu (akajitambua, akakohoa). Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kidole kilipobonyeza tena, na pale kwenye kioo akatokea Chebet juu ya mapaja ya Kibet, amemshika mashavu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilibonyeza haraka nipite, ikaja ya pili, nikapita, ikaja ya tatu, wanazidi kukaribiana. Baba Chebet akaushika mkono wangu. "Inatosha," akasema, sauti ikiwa chini kabisa. "Chebet aitwe."

Alikuja na leso kichwani, macho chini. Kwa desturi msichana huulizwa kama anawajua wageni, na hujibu kwa adabu, maneno machache. Babake hakuinua sauti. Alimwonyesha kamera, akamuuliza, "Hawa watu unawajua?"

Nilimwona akiiona ile picha. Nilimwona akiniangalia mimi, na hapo nilijua urafiki wa miaka yote unaweza kwisha kwa sekunde moja. Kisha akainua kichwa, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya mbele ya babake.

"Nawajua, Baba. Na huyu Kibet mimi ndiye nilimwita kwa ghala, yeye alikuwa anaogopa. Kama kuna makosa ni yangu."

Babake aliiangalia tena ile picha, na sijui aliona nini, pengine aliona tu mtoto wake akicheka. Kisha akasema, "Tukae ndani tumalize. Na wewe mwenye taa, ingia."

Nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya pande zote mbili, kamera kwenye meza, flashi mapajani, betri kwenye mfuko wa koti la Mzee Limo ambaye bado alikuwa anafuta machozi. Nilikaa hapo saa mbili na nusu bila kukohoa. Walielewana. Mursik ikamiminwa, watu wakakumbatiana, nyimbo zikaanza, na hakuna hata picha moja ya hayo yote, kwa sababu kila nilipoisogelea kamera macho yote yaligeuka kwangu.

Jumatatu nilirudi kwa Abdi, nikabadilisha. Alinitolea ile ya kukaa juu ya kamera, na siku hizi nikimaliza kazi natoa betri kabla sijasalimia mtu. Flashi ya kutegemewa sikujua ni kitu gani. Nilifikiri ni ile inayowaka kila mara. Ile yangu iliwaka kila mara, haikunikosea hata mara moja siku ile, na nusura inivunjie rafiki yangu ndoa.

Harusi ilikuja miezi mitatu baadaye. Kadi aliniletea Chebet mwenyewe, na nyuma ya kadi babake alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Njoki, karibu sana. Njoo mikono mitupu."

Nilienda. Walinikaribisha meza ya familia, wakanijazia sahani, wakanicheka kwa upendo. Mpiga picha walikuwa wamemtoa mbali. Chebet akaingia akiwa ameshikwa mkono na babake, na yule mzee mkali, katikati ya hema, mbele ya watu wote, akasimama, akamwangalia binti yake, akalia bila kujificha. Mpiga picha alikuwa amegeuka upande mwingine, anapiga keki. Mikono yangu ilikuwa mapajani, na kidole changu cha kulia kikabonyeza hewa. Picha hiyo haiko popote duniani, na sina mtu wa kulaumu.