Mpira wa Upepo na Kabati la Bibi Harusi

Ssssss. Mpaka leo nikipita penye kijiwe cha kujaza upepo, nikasikia mpira uliotoboka unavyovuja, naangalia chini kama mtu aliyetajwa jina mbele za watu. Ni sauti nyembamba, haikati, haipumziki. Wenzangu hawaisikii hata kidogo. Mimi naisikia kwanza kabla ya honi za bodaboda.

Baba yangu alikuwa na karakana ya samani Nguvumali, nyuma ya nyumba yetu. Kulikuwa na banda la mabati la kukatia mbao, na pembeni chumba kidogo cha matofali, madirisha yamezibwa kwa magunia vumbi lisiingie. Hicho tulikiita chumba cha rangi. Nje ya mlango wake ilikaa kompresa, mashine nyekundu yenye tumbo la mviringo, ambayo ikiwashwa vikombe vya mama jikoni vilikuwa vinagongana. Kwenye kompresa ulichomekwa mpira mrefu mweusi, ukapita chini ya mlango, ukaishia kwenye bastola ya kupulizia rangi ambayo sote tuliiita gani. Upepo ukisukuma, vanishi inatoka kama ukungu, na mbao inang'aa mpaka unajiona pua.

Mwenye kushika gani alikuwa Mjomba Mhina. Hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa Mbondei kutoka Muheza, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni tu, na alifanya kazi na baba tangu sijazaliwa. Mkono wake ulijulikana. Watu walitoka Pangani huko na kabati zao, wakasema, "Apulize Mhina, asipulize mwingine." Kila saa nne alikula mihogo ya kukaanga kwa pilipili, akilamba vidole bila haya, kisha anakwenda bombani kunawa kwa sabuni ya kipande mpaka kwenye viwiko. Maana chumba cha rangi kilikuwa na sheria moja kali: mafuta marufuku. Mbao ikiguswa na mafuta kidogo tu, vanishi inapakimbia, inaacha vishimo. Hata mimi nikitoka kusukwa nilikuwa nafukuzwa mlangoni. "Wewe na kichwa chako hicho, kaa huko huko na kuku," Mjomba Mhina alikuwa ananiambia.

Nilikuwa na miaka kumi, na ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko madaftari. Wiki moja nilitaka kuwa rubani, wiki nyingine muuza vitenge. Wiki ninayoisimulia nilitaka kuwa fundi, na nilikuwa nimeshajipa cheo bila kumuuliza mtu.

Siku hiyo, Alhamisi, kulikuwa na kabati la bibi harusi. Mama mmoja kutoka Mwera alikuwa anaoza binti yake, na vyombo vya bibi harusi vilikuwa vitoke Ijumaa asubuhi, kwa vigelegele na ngoma, wanawake wakivisindikiza. Kabati ndilo linalotangulia. Kila mwanamke wa mtaa hulipapasa, akalitolea hukumu. Lilikuwa limebaki koti, yaani tabaka, la mwisho tu la vanishi.

Mchana, baba akaenda mjini kununua thina ya kuzimulia vanishi, Mjomba Mhina akaenda kuswali Adhuhuri. Mimi nikabaki na ile sauti. Ssssss. Mpira ulikuwa umepasuka karibu na pale unapoingia kwenye kompresa. Namna ya kuutengeneza nilikuwa nimeiona mara nyingi: unakata kipande kilichopasuka, unalainisha ncha kwa maji ya moto, unailowesha kwa mate, unaisukuma ikamatie kwenye kile kichwa cha shaba, kisha unaikaza kwa waya na plaizi.

Nikakata. Nikatia maji ya moto. Nikatema mate mpaka kinywa kikakauka. Mpira haukuingia. Mikono yangu ilikuwa midogo, na ule mpira mkaidi. Nikaona chupa ya mafuta ya nazi ya mama juu ya kizingiti cha jiko.

Sheria niliijua, wala sijidai kwamba niliisahau. Nilijipigia hesabu zangu za kitoto: mbao ziko ndani, mafuta yako nje, tena yako ndani ya mpira. Yatazifikiaje? Upepo sikuufikiria kabisa. Nikamimina kidogo, mpira ukateleza ukaingia wenyewe, nikakaza waya mpaka vidole vikawa vyekundu. Nikawasha kompresa. Ikanguruma, lakini ile ssssss haikuwapo tena. Nikaruka juu kama niliyefunga goli.

Baba aliporudi alisimama akatega sikio.

"Nani kafunga huu mpira?"

"Mimi, baba."

Akainama, akautikisa waya, akaupaka povu la sabuni kuangalia kama unatoa mapovu. Haukutoa hata moja. Basi akamwita jirani yetu mchomeleaji: "Njoo uone, bwana! Hiki kitoto changu kimefunga mpira kuliko wewe na vyeti vyako!" Yule jirani akacheka, akaniita injinia. Baba akanituma nikajinunulie ubuyu, na mimi nikatembea mtaa mzima kama niliyevaa viatu vipya.

Nilirudi nikasikia sauti zimebadilika. Mjomba Mhina alikuwa ameshapuliza koti la mwisho, na milango ya kabati, iliyokuwa laini kama maji, ilikuwa imejaa vishimo vidogo vidogo, kuanzia juu mpaka chini.

"Mhina, umekula nini leo?" baba aliuliza.

"Mihogo, kama siku zote."

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mungu shahidi."

"Umenawa anavyonawa kuku!" Wafanyakazi wa bandani wakacheka. Baba hakucheka. Akaichukua gani mkononi mwa Mjomba Mhina, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Ubuyu ulikuwa bado mdomoni kwangu. Nilielewa pale pale. Sentensi ya kukiri ilikuwa fupi, na baba yangu hakuwa mtu wa fimbo. Lakini nilifikiria lile neno injinia, nikafikiria kulirudisha, nikanyamaza.

Alasiri walifuta vanishi yote kwa thina, wakapiga msasa upya. Kisha nikamwona Mjomba Mhina amechuchumaa peke yake penye kompresa. Alifungua waya, akauchomoa mpira, akaunusa. Akaninyanyulia macho. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nywele zangu zilipakwa mafuta yale yale kila asubuhi. Akakata ncha, akausafisha mpira kwa thina kwa kuupitishia kitambaa kwenye waya mrefu, akaufunga tena. Alipomaliza akasema, "Ulikuwa umekaza vizuri, mama. Waya ulikaa barabara."

Mimi mpumbavu nikafurahi. Nikadhani na yeye ananisifu.

Jioni baba akapuliza mwenyewe, na kabati likatoka safi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwa kuwa Mjomba Mhina aliusafisha mpira, mkono wa baba ulionekana safi na wake ukaonekana mchafu. Ushahidi gani tena ulitakiwa?

Vanishi haikuwahi kukauka. Ijumaa asubuhi mama wa Mwera alifika na wenzake, kanga za sare, ngoma imeshapashwa moto, akaigusa milango ikanata kidoleni. Akaambiwa asubiri mpaka kesho.

"Kesho? Vyombo vitoke bila kabati, niwaambie watu nini? Nimeambiwa jana lilikuwa na ndui!"

"Fundi wangu alikula mihogo akashika kazi," baba alisema, akimwonyesha kwa kidevu.

"Alaa! Mtu mzima na mvi zake!"

Mjomba Mhina alisema, "Tuwie radhi, dada," akaangalia miguu yake. Vyombo vikatoka bila kabati. Watoto wa mtaa wakampa jina jipya siku ile ile: Mzee Mihogo. Walipoliita akipita na baiskeli yake, na mimi nilikuwamo kundini, na mimi nilicheka. Kunyamaza kwangu naweza kukutetea mbele yenu nikasema ni utoto. Kile kicheko sina cha kukitetea.

Toka hapo baba alipuliza mwenyewe. Mjomba Mhina akahamishiwa msasa, kazi ya wanaojifunza.

Miaka imepita, na mimi sasa nasuka watu nywele. Ni katika kazi hiyo, na mafuta ya nazi mikononi kutwa, nilipokuja kuelewa kwamba harufu ile haijifichi, na mtu aliyeishi kwa kuogopa mafuta angeijua hata amefumba macho. Alijua. Aliona baba anavyonionea fahari, akaona yeye abebe lawama. Kwa siku nyingi niliuita wema ule msamaha, nikalala vizuri. Lakini nilimwacha mtu mwingine alipe kosa langu kwa jina lake, na jina lake lilikuwa linahitaji maneno mawili tu kutoka kwangu. Aliyasubiri mwaka mzima bila kuyadai, kisha akarudi kwao Muheza.

Ijumaa ile ile vyombo vilipotoka bila kabati, wanaume wote walipokwenda msikitini, niliingia bandani. Kazi mpya aliyopewa Mjomba Mhina ilikuwa imeegemezwa ukutani, mlango wa mninga ambao haujaguswa. Nikachukua msasa, nikaupiga, kwa kufuata uzi wa mbao kama nilivyomwona akifanya, mpaka vumbi likanijaa puani na ngozi ya vidole ikachubuka. Huku napiga, nilikuwa nauambia ule mlango, "Ni mimi. Ni mimi, baba." Kwa mbao maneno yalitoka vizuri kabisa, bila kukwama. Nikayarudia mpaka niliposikia kandambili zinakuja, nikaweka msasa chini, nikajipangusa vumbi, nikatoka kwa mlango wa nyuma.