Dada Yake Bwana Kofia

Mume wangu Mahfoudh ni mtu wa kawaida kabisa. Amestaafu idara ya maji, ana kisukari, na kila siku hugombana nami kwa ajili ya chumvi. Kitu kimoja tu kinachomtoa katika ukawaida wake, nacho ni Bwana Kofia.

Bwana Kofia ni shujaa wa Kijapani wa televisheni ya zamani. Anavaa helmeti nyekundu, anapanda pikipiki, anapigana na madubwana ya mpira ambayo zipu zao zinaonekana mgongoni. Jina lake la kweli ni refu na la Kijapani. Hili la Bwana Kofia alipewa na mama mkwe wangu, Bi Nasriya. Wakati huo Mahfoudh alikuwa na miaka mitano, familia ina mwaka mmoja tu tangu kufika Maskati kutoka Unguja, na mchezo wenyewe ulikuwa umetiwa sauti za Kiarabu. Watoto wa nyumba ile, Mahfoudh na binamu zake, hawakujua Kiarabu. Basi Bi Nasriya alikaa nyuma yao akawafasiria kwa Kiswahili.

Kwa mujibu wa Bi Nasriya, Bwana Kofia alikuwa na dada mchanga aliyeachwa kwa jirani siku familia yao ilipohama. Alivaa helmeti ili watu wasimwone analia. Kila dubwana aliloliangusha aliliuliza: umemwona dada yangu? Halijamwona. Kila Alkhamisi mchezo ukimalizika, Bi Nasriya alisema, "Hakumpata. Haya, kalaleni."

Hadithi hii mimi nilisimuliwa usiku wa harusi yangu, wallahi, nilipokuwa nikitarajia maneno mengine. Watoto wetu watatu wamelelewa nayo. Kazini, mtu akimwomba ruhusa kwenda kumtazama ndugu yake, Mahfoudh hakuwahi kukataa, na sababu aliyotoa ni Bwana Kofia. Nilikuwa nikimcheka. Lakini nilijua kwamba ukimwondolea mtu huyu hadithi ile, humbakizii utoto.

Mwezi uliopita kitinda mimba wetu, Fahd, alikuja na habari. Yeye na wenzake ni wapenzi wa michezo ya kale ya Kijapani, na wameipata ile ya Bwana Kofia nzima, kwa sauti zilezile za Kiarabu. Wamekodi ukumbi wa juu wa mkahawa mmoja Matrah, na wanataka baba aje awasimulie kwanza, ndipo waonyeshe. Mahfoudh hakuwa ameuona mchezo ule tangu udogoni. Alishona kanzu mpya. Mtu mzima, kwa ajili ya katuni isiyo katuni!

Siku ya Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya vijana wale akasimulia, na alisimulia vizuri, nisimdhulumu. Nilimwona msichana mmoja akijifuta macho. Kisha wakazima taa.

Sasa Kiarabu Mahfoudh anakijua, amekifanyia kazi maisha yake yote. Tulimsikia Bwana Kofia akizungumza. Ni mtoto wa profesa. Helmeti kapewa na baba yake, ina mitambo ndani. Madubwana yanaiba mafuta ya petroli. Halafu mrembo mmoja akamuuliza kama ana jamaa, naye akajibu kwa Kiarabu safi kabisa: sina kaka wala dada.

Vijana waligeuka kumtazama Mahfoudh. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Alikuwa ameshika mkono wa kiti, mdomo wazi.

"Labda dada anakuja mbele," alisema Fahd.

"Nimeitazama yote," kijana wa nyuma akajibu kwa upole. "Hamna dada."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mawaleh Mahfoudh alirudia neno moja: mama anajua Kiarabu, anasoma Kurani kwa tajwidi, hakosei hata herufi. Hapo ndipo nilipogutuka. Babu yangu wa Tabora alihifadhi juzuu kumi, na hakuweza kuagiza chai kwa Kiarabu. Lakini mtoto gani atalifikiria hilo? Anamsikia mamake alfajiri anasoma, basi anajua mama hakuna asichokielewa.

Bi Nasriya tulimkuta chumbani kwake anachambua mbaazi. Mahfoudh hata viatu hakuvua.

"Mama, ulipokuwa ukitufasiria Bwana Kofia, Kiarabu ulikuwa ukikijua?"

"Kiarabu ntakijulia wapi, nna mwaka mmoja Maskati na nje sitoki? Nlikuwa nkitazama midomo yao tu."

"Na dada yake?"

Mikono yake ikasimama. "Dada yupo."

"Hayupo, mama. Nimemsikia leo kwa masikio yangu. Kasema mwenyewe hana."

"Yeye hana," alisema Bi Nasriya. "Wewe unaye."

Nilikaa chini sakafuni. Miaka yote niliyoishi na bibi huyu, nimemwosha nywele, nimemlisha akiwa na homa, na sijui lolote. Nilishtuka, kisha nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Alieleza bila kuinua macho. Karatasi za kusafiria zilitoka na majina mawili, lake na la Mahfoudh, mumewe keshatangulia Maskati, kwa sababu zilipoombwa mtoto alikuwa hajazaliwa. Akamwacha Wadha, wa miezi mitatu, kwa mke wa jirani yao Msellem, mpaka karatasi nyingine itoke. Ilitoka baada ya miezi kumi, na mtoto keshamwita yule mwanamke mama. Yule mwanamke hakuwa na mtoto mwingine. Kwa barua akamwapisha Bi Nasriya kwa msahafu asimwambie mtu madhali yeye yu hai.

"Marehemu babako akijua, akanambia tunyamaze. Nkaapa nisimwambie mtu. Bwana Kofia si mtu." Akazichambua mbaazi. "Kila Alkhamisi nkisema, leo mwanangu ataniuliza dada huyo jina lake nani. Hukuniuliza."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa mtoto, ukawa mkubwa."

Yule mwanamke alikufa Ramadhani iliyopita, na kabla ya kufa alimwambia Wadha yote. Tangu hapo Wadha hupiga simu kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na mimi nikiwa jikoni na mchele wangu. Mahfoudh hakuambiwa kwa sababu Bi Nasriya aliona haya. Atamwanzaje mtu mwenye mvi?

Mahfoudh alinyoosha mkono, akapewa simu. Alibonyeza jina, sauti tukaisikia sote.

"Shikamoo mama. Mbona leo si Ijumaa?"

"Mimi... mimi Mahfoudh," akasema.

Kisha tukasikia mtu analia kule Unguja, kilio cha kufiwa.

"Mama amekufa lini?" akauliza. "Aliniambia utanijua siku yeye akifa."

Bi Nasriya akaisogelea simu, mbaazi zikamwagika mapajani.

"Sijafa, mwanangu," akasema. "Zungumza na kakaako."