Wadudu wa Lamboni Wameniokolea Ng'ombe

Leo nusura niwanyweshe ng'ombe wangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimefika lamboni hapa Mitundu na ng'ombe sita, wana kiu hatari. Mke wangu, Mama Neema, akasimama mbele yao.

"Baba Neema, ngoja kwanza. Wale wadudu weusi wanaozungukazunguka juu ya maji wako wapi leo?"

Nikamfokea. "Ng'ombe wana kiu, wewe unatafuta wadudu!"

Akanionyesha ukingoni.

Wanaelea pale, wamekufa wote.

Mara jirani yetu mmoja anakuja mbio, anahema. "Msinyweshe! Jana nilioshea hapo bomba la kupulizia alizeti dawa ya wadudu. Nisameheni jamani."

Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira nilishaimalizia kwa mtu asiye na kosa. Aibu niliyoiona, acheni tu.

Tumewapeleka ng'ombe kisimani, mwendo wa saa nzima, huku tukimwonya kila tuliyekutana naye. Njia nzima mke wangu hakunisema.

Sasa hivi ng'ombe wako zizini wanacheua, wote sita.

Nani mwingine hapa amewahi kumfokea aliyekuwa anamwokoa? Semeni nisijione peke yangu.

Mama Neema, nilikufokea mbele ya ng'ombe. Nakushukuru mbele ya watu.