Neno Nililomwambia Shabani

Mwanangu, ipo siku moja huku Kiwangwa ambayo nikiikumbuka hadi leo natazama chini.

Nilikuwa kijana, na rafiki yangu Shabani mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Hawakuwa na ndugu karibu, basi Shabani akawa anachota maji, anapika uji, anafua nepi na kuzianika uani. Jioni alipita barazani tulipokuwa tukinywa kahawa, ndoo kichwani. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Shabani, mkeo amekuhasi nini?"

Watu wakacheka. Yeye akaenda zake na ndoo yake.

Kesho yake alikuja shambani kuvuna mananasi pamoja nasi, kutwa nzima. Mkewe, Mwanahawa, akatoka kwenda kisimani mwenyewe. Mshono ukafumuka. Alikaa hospitali Bagamoyo wiki tatu, na kichanga kikalelewa na majirani.

Mjomba wangu Kombo, aliyewahi kuchunga ng'ombe Vigwaza, akaniita.

"Kuhasi ni nini?"

"Ni kumpunguzia mtu uanaume, mjomba. Watu wote wanasema."

"Wewe unalisema. Mimi nimeifanya kazi hiyo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, nasi tunalitumia kwa mifugo. Unamfunga fahali miguu, unamkata, anakuwa maksai, avute mkokoteni bila ubishi. Fahali haulizwi. Shabani nani alimfunga? Alimhudumia mkewe kwa hiari yake. Aliyempunguzia kitu ni wewe. Ulimwondolea ujasiri wa kukaa na mgonjwa wake."

Nilikwenda kumwomba radhi Shabani. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Yamekwisha." Lakini hakuwahi tena kukaa nami barazani, na Mwanahawa kila aliponipita njiani alinisalimu vizuri, huku ameshika tumbo kwa mkono. Salamu ile iliniuma kuliko tusi.

Mwanangu, nakusikia na wenzako mkiambiana hivyo hivyo kwenye simu, mkicheka. Kabla hujamtupia mwanamume neno hilo, jiulize anafanya nini, na nani atakosa huduma akiacha. Nawe ukimpikia mkeo na wakakucheka, endelea kupika. Ukiwa umekwisha kumtamkia mtu neno hilo, nenda kamwombe radhi mapema, ingawa radhi haitarudisha kila kitu.

Mungu akupe nyumba yenye huruma, na ulimi usiokuaibisha uzeeni kama wangu. Amina.