Wema Niliosingiziwa

Nilimwahidi mwanamke mmoja kwamba tutatoka pamoja, na sikutoka. Ningependa kuanza na jambo linalonipendeza zaidi, lakini hilo ndilo lililonikalisha mbele ya kinasa sauti, na bila hilo sina cha kusimulia.

Ilikuwa Louisville, mwaka wangu wa pili Marekani, katika kiwanda cha kuku. Mimi ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, nimekulia kwenye ng'ombe na ukungu, na sikuwahi kuona kuku wengi namna ile, wala kuwachukia. Aliyesimama kando yangu kwenye mstari alikuwa mwanamke wa Meksiko, wa makamo, mfupi, mwenye mikono myepesi kuliko mtu yeyote pale. Alinifundisha kunoa kisu na kusimama bila kuumiza mgongo. Lugha hatukuwa nayo. Tulikuwa na Kiingereza cha kiwandani, maneno kama hamsini hivi, na yaliyobaki tulimalizia kwa macho. Kwa maneno hayo hamsini alijua kwamba nina watoto watatu na kwamba baba yao tulimzika katika kambi ya wakimbizi.

Wiki moja, mama mjamzito wa upande wa Walatino, wale wasemao Kihispania, aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, mpaka akajikojolea pale pale mbele za watu, na mstari haukusimamishwa. Walatino wakakubaliana: kesho yake, saa tatu kamili asubuhi, kila mtu avue glavu, aweke kisu mezani, atoke nje. Mwenzangu akaniuliza kama nitatoka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili akinitazama usoni, nikasema ndiyo tena.

Saa tatu ilipofika nilivua glavu moja. Kanisani kwetu watu walikuwa wameambizana kwamba mkimbizi anayeleta fujo kazini hupoteza kazi na karatasi za ukaazi pia, akarudishwa alikotoka na watoto wake. Haikuwa kweli, lakini nani angetueleza? Sisi Wakongo tuliliamini neno lile kama Injili. Niliuona mgongo wake ukienda mlangoni, na wenzake wakimfuata, nikaivaa ile glavu tena. Waliotoka wote walifukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waliotuachia methali hiyo hawakusema kwamba kicheko chenyewe hakichekeki.

Miaka ikapita. Nilihamia Ohio, nikapata kazi ya ghala huku Hilliard, watoto wakakua. Binti yangu mkubwa alipoingia chuo kikuu pale Columbus alipewa masaa machache ya kazi maktabani, katika chumba kinachohifadhi sauti za Walatino. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika kinachosemwa, maana Kihispania alikisoma shuleni na kukikamilisha kwa majirani. Alikuwa akirudi na habari za watu waliochuma nyanya mashambani, walioandamana, waliofukuzwa, waliofungua makanisa katika magereji. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa na matatizo yangu.

Jumapili moja baada ya ibada aliweka simu juu ya meza ya jikoni akaniambia nisikilize. Sikuelewa maneno, lakini sauti ile niliijua kabla haijamaliza kujitambulisha. Binti yangu alitafsiri sentensi kwa sentensi. Mwanamke alieleza kiwanda, mama mjamzito, saa tatu. Kisha akasema: "Kulikuwa na mama Mkongo, mjane mwenye watoto watatu, nilitoka naye. Sikugeuka nyuma, niliogopa nikigeuka nitarudi, lakini nilijua yuko nyuma yangu, na nje walinzi walitutawanya kabla sijamtafuta. Mimi ndiye niliyemtoa. Kama watoto wake walilala na njaa, ni mimi niliyewalaza na njaa. Mungu anisamehe."

Binti yangu alikuwa na machozi. Mtoto ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili cha kwetu. "Maman," akasema, "kumbe na weye ulitokaka."

Nilipaswa kusema hapana. Nikasimama kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kabla ya jioni wadogo zake walishajua, na Jumapili iliyofuata mama mchungaji alinishika mkono mlangoni akaniita shujaa. Watu husingiziwa wizi, husingiziwa uchawi. Mimi nilisingiziwa wema, na kusema ukweli haukuniuma sana siku za kwanza. Nilijiona nimenyooka kidogo. Hata kanisani nilisogea viti viwili mbele.

Kilichonishinda ni ile njaa. Wanangu walikula kila siku ya Mungu, na kumbe miaka yote hiyo mwanamke mwingine alikuwa anawaona kichwani mwake wakilala bila kitu. Nikianza kula nilimkumbuka. Baada ya wiki tatu nilimwambia binti yangu anipeleke kwenye chumba chake.

Msimamizi wa sauti zile alikuwa mama wa Puerto Rico, mvi kichwa kizima, mpole, lakini hana mzaha na kazi yake. Alinionyesha rafu za kanda: nyimbo za kuvuna, bibi anayeeleza namna ya kupika chakula cha marehemu mama yake, mzee anayetaja mmoja mmoja wenzake waliokufa shambani. Nilishikwa na wivu. Bibi yangu aliwaimbia ng'ombe nyimbo nyingi, na mimi nimebaki na nusu ya wimbo mmoja. Yeyote aliyekuwa na nusu ya pili amekufa katika vita au kambini, na hakuna rafu ya kwenda kuutafuta.

Niliomba ile sehemu inayonihusu ifutwe. Akasema hapana. Kumbukumbu ya mtu haifutwi kwa sababu mwingine anaikumbuka tofauti, ila huyo mwingine anaweza kusema yake, na zote mbili zikawekwa pamoja. Na kwa kuwa yangu inamgusa mtu aliye hai, lazima huyo aisikie kwanza.

Nikakaa. Aliyeendesha mashine alikuwa binti yangu, vipokea sauti masikioni. Nikasema kwa Kiswahili kwamba sikutoka, kwamba nilivua glavu moja nikaivaa tena, kwamba wanangu walikula. Binti yangu alivivua vile vipokea sauti, akanitazama, kisha akavivaa tena na kuendelea na kazi. Jambo moja sikulisema: nani alipewa nafasi ya yule mwanamke kwenye mstari, iliyolipwa zaidi kuliko yangu. Nilijiambia hakuna aliyeuliza.

Siku hizi anaishi Buffalo, anatunza wazee huko Kenmore. Alipotumiwa sauti yangu na tafsiri yake alijibu neno moja tu: aje mwenyewe.

Tulikwenda mwezi wa pili. Binti yangu aliendesha gari kwa saa tano akiwa ameongeza sauti ya redio, na theluji pande zote mbili za barabara. Mwanamke alitufungulia mlango wa ghorofani akiwa na aproni. Alikuwa amezeeka, kama mimi. Alitukalisha mezani, na sufuria ya supu ya mahindi ikichemka nyuma yake. Aliuliza kwa Kihispania, binti yangu akatafsiri.

"Watoto walikula?"

"Walikula," nikasema. "Kila siku."

Akafunika macho kwa viganja na kulia kwa muda mrefu. Nilitaka iishie hapo. Ningeweza kuondoka nikiwa nusu nimesamehewa, na nusu ingenitosha. Lakini alijifuta uso, akauliza swali jingine, na binti yangu akanigeukia.

"Anauliza ni nani walimuweka pahali pake."

"Ni miye," nikasema. "Siku ya tatu yake. Nilikubali."

Binti yangu hakutafsiri. Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Umuambie," nikamwambia.

Akamwambia. Supu ikaanza kufurika. Mwanamke akainuka kuipunguzia moto. Akasema, na binti yangu akatafsiri polepole, kwamba leo hana la kuniambia, na huenda asiwe nalo kamwe, lakini tumetoka mbali na chakula kimeiva. Akapakua mabakuli matatu. Tukala, na mimi nikamaliza langu lote.